Wodi ya Kuku

Mkunga alianza kufuga kuku kwa sababu ya uongo. Binti yake, ambaye ndiye mtoto pekee aliyenaye, alikuja kutoka Dar es Salaam siku za Pasaka, akamkalisha sebuleni na kumwambia kwamba mstaafu hawezi kuendelea kuishi peke yake katika nyumba kubwa vile, na kwamba kwake huko Dar kuna chumba tayari, kimepakwa rangi, kina hata feni. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si tabia yake. Kisha akasema angependa sana kwenda, ila ana kuku. Binti akachungulia uani kupitia dirisha. Uani kulikuwa na kamba ya nguo na mgomba mmoja.

"Wako wapi?" akauliza.

"Wanakuja wiki hii," akajibu Mkunga.

Hayo alinisimulia binti mwenyewe baadaye. Ninachokijua kwa macho yangu ni kwamba alasiri hiyo hiyo Mkunga alikuja getini kwangu. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko uani, na kati ya ua wangu na wake kuna ukuta mmoja tu wa tofali.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe si unatengeneza vitanda?"

"Vitanda, makabati, milango. Chochote."

"Nitengenezee banda la kuku. Halafu unielekeze, mtu akitaka kuanza kufuga anaanzia wapi?"

Nikamwambia wengi huanzia kwenye banda.

"Basi tumeshaanza," akasema, akageuka kurudi kwake.

Hakutaka kuhama mtaa wetu wa Kijenge, basi. Hakuwa na ugomvi na Dar es Salaam wala na binti yake, na sidhani kama nyumba yenyewe aliipenda kiasi hicho, maana bati lilikuwa linavuja na hakulishughulikia. Alitaka tu kubaki mahali ambapo akitoka nje anajulikana. Kuku walikuwa ngome yake, na kila nilichokiona baadaye, pamoja na makosa yake yote ya mfugaji mgeni, kilitokana na hapo.

Alizaliwa wapi na kwa nani, hayo nawaachia ndugu zake Wachaga wa mlimani. Mimi nilimkuta akiwa mtu mzima tayari, akiitwa Mkunga na kila mtu, hata na mchungaji. Alifanya kazi wodi ya wazazi kwa miaka mingi kiasi kwamba ukipita naye barabarani hamfiki mnakokwenda. Watu wenye ndevu wanasimamisha pikipiki ili wampe shikamoo. Yeye huitikia marahaba, anauliza, "Mama yako hajambo?" na mtu akishaondoka anakwambia jinsi alivyokuja duniani. Hakukumbuka jina la mtu yeyote. Alikumbuka walivyotoka.

Wanaume wa mtaani walimpenda. Wanawake walimheshimu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Ulimi wake wodini ulikuwa mkali kama msasa namba arobaini. Mke wangu alipokwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza, alilia kwa sauti, na Mkunga akamwambia, "Wakati mnatafutana hukuniita nije kusikia kelele. Sasa nyamaza usukume." Mtoto alitoka salama, kitovu kilifungwa vizuri, na Mkunga mwenyewe ndiye aliyekesha naye siku ile homa ilipompanda. Mke wangu anakiri yote hayo. Bado hajamsamehe. Hukutana naye njiani akampa shikamoo safi kabisa, akifika nyumbani anavua viatu kwa hasira.

Nilimuuliza Mkunga siku moja, nikiwa napigilia misumari kwenye banda lake, kama maneno kama yale yalikuwa ya lazima. Hakukasirika. Akasema mwanamke akikukasirikia wewe anasahau kuogopa, na anayeogopa hasukumi. Nikamuuliza kama alifundishwa hivyo chuoni. Akasema hapana, alijionea mwenyewe. Kisha akaongeza kwamba wapo wengine aliowasema bure, kwa uchovu tu, na kwamba hao anawakumbuka zaidi.

Banda alilolitaka halikuwa banda la kuku. Mimi nilikuwa na mawazo ya mabanzi, wavu na bati chakavu. Yeye alikuja na kijiti akaanza kunichorea chini. Dirisha liwe juu ili upepo usiwapige wanaotaga. Kuta zipakwe chokaa ndani. Viota viwe vya kutengana, kila kimoja na pazia lake, kwa sababu anayejifungua hatazamwi na wapita njia. Mlangoni pawe na beseni la maji ya dawa, na asiyekanyaga humo haingii. Nikamwambia, "Mama, kuku hutaga hata uvunguni, hata kwenye karai bovu."

"Na wanawake wamejifungulia migombani miaka yote," akasema. "Ndiyo maana ikajengwa hospitali."

Nikaweka mapazia. Mtaa ukaliita wodi, na jina likashika.

Kuku wa kwanza alitoka Nduruma. Mama mmoja mkulima, ambaye Mkunga alimzalisha mapacha zamani, alisikia habari hizo sokoni, akaja na koo mwekundu aliyefungwa mguu kwa kipande cha katani. Mkunga alimpokea kwa mikono miwili, akampapasa tumbo polepole akiwa ametazama pembeni, kama anayesikiliza kitu mbali. "Huyu ameshazaa," akasema. Akamwita Multi. Kumbe wodini mwenye mimba ya kwanza huitwa primi na aliyekwisha kuzaa mara kadhaa huitwa multi, na kuanzia siku hiyo kila kuku aliyeingia alipewa mojawapo ya majina hayo mawili. Ukimuuliza ni Primi yupi anayemsema, anakuona mtu usiyetazama watu usoni.

Kisha akataka wengi kwa mpigo. Akaenda kwa muuza vifaranga wa barabarani, akachagua chotara waliokwisha kuota manyoya, akawageuza mmoja mmoja chali kiganjani. "Jike," akasema. "Jike. Hili nalo jike." Mimi nilikuwa nimembebea boksi, na namna alivyotamka sikuthubutu kuuliza anatazama nini. Muuzaji naye alinyamaza kwa heshima. Miezi ilipita. Asubuhi moja jike la kwanza likapanda juu ya beseni la dawa, likanyoosha shingo na kuwika. Jingine likalijibu kutoka ndani ya pazia. Kufikia mwisho wa wiki mtaa mzima ulikuwa unaamka kabla ya msikiti na kanisa.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mkunga alisimama upande wake wa ukuta akasema, bila kuulizwa, "Kwa binadamu sikuwahi kukosea."

Majogoo hao walileta tatizo jingine. Mtu yule aliyeosha damu kwa maji ya baridi kila siku ya maisha yake ya kazi hakuweza kuchinja. Hakuweza hata kukaa karibu. Aliwagawa kwa majirani, mmoja huku, mmoja kule, na aliyepewa aliambiwa achinjie mbali na asije kumpelekea mchuzi. Jumapili yeye alinunua kuku wa kisasa aliyegandishwa dukani, akamkaanga, akamla na ugali kwa raha zake. Nilimwambia kuku ni kuku.

"Huyo simjui," akasema, akitafuna.

Kosa ambalo sitalisahau ni la Multi alipoatamia mara ya kwanza. Wiki tatu zilipokaribia kwisha, Mkunga aligonga ukuta wangu kwa jiwe, mapigo ya haraka. Nilidhani mwizi. Nikamkuta amepiga magoti juu ya maranda niliyompa, amevaa glovu na aproni yake ya kazini, yai moja kiganjani. Ndani ya yai kifaranga kilikuwa kinalia. Kilikuwa kimetoboa tundu dogo, kisha kimetulia. Mkunga alikuwa anabandua ganda kwa ukucha, kipande kimoja baada ya kingine, kwa ustadi ambao hata mimi ninayetengeneza vitu vidogo niliustaajabia.

"Amechoka," akaniambia bila kugeuka. "Amepumzika muda mrefu mno. Na mama amekaa tu, hafanyi kitu."

Multi alimtazama kwa jicho moja.

Akavisaidia vyote. Alipomaliza, vifaranga vilikuwa vimelala kwenye taulo safi, vimelowa, vimeunganika bado na vitu vyekundu ambavyo havikupaswa kuonekana. Alivipangusa, akavipulizia, akaviita mama, akaviita baba. Jioni vingine vilikuwa vimekwisha kufa. Asubuhi hakikubaki hata kimoja.

Alikuja dada mmoja mtaalamu wa mifugo, akakanyaga kwenye beseni bila kuambiwa, akachuchumaa, akatazama taulo. Akaeleza kwa upole kwamba kifaranga kikitoboa kinapumzika kwa sababu bado kinavuta damu yake na kiini chake ndani, na kwamba ganda likiondolewa kabla ya wakati vyote hivyo hubaki nje. Mkunga aliuliza maswali kama mwanafunzi siku ya mtihani. Inachukua muda gani? Utajuaje kimekwama kweli? Mama kuku anajuaje? Dada yule alijibu alichokijua, kwa swali la mwisho akasema hajui, akaaga.

Alipoondoka, Mkunga alikaa kwenye ndoo akalia. Nilikuwa sijamwona akilia, hata siku tuliyomzika mumewe. Nilimhurumia, na sikujua niweke wapi mikono yangu, nikaanza kukaza bawaba ya mlango ambayo haikuwa imelegea.

"Mwanamke ukimwacha hivyo anakufa," akasema baadaye. "Ukisema ngoja tuone, unakuja kuona maiti mbili. Mimi kazi yangu yote ilikuwa ni kutongoja."

Multi alipoatamia tena, Mkunga alikuja kwangu na kufuli jipya. Akanitaka nifunge wodi kwa nje na funguo nikae nazo mimi. "Nikija kuomba usinipe," akasema. "Hata nikikutukana." Alikuja. Mara ya kwanza aliomba kwa adabu, akisema anataka kubadilisha maji tu. Mara ya pili aliniambia vitanda vyangu vinalia usiku na mtaa mzima unajua habari za ndoa za watu kwa sababu yangu. Sikumpa. Nilipofungua, Multi alikuwa ametuna, na chini yake vichwa vidogo vikavu vilikuwa vinachungulia kila upande. Mkunga aliinama akavitazama muda mrefu.

"Hongera, mama," akamwambia kuku. Kisha akanigeukia. "Ila vitanda vyako vinalia kweli."

Basi wakazaana. Mayai aliwapelekea wazazi wapya, hakuuza hata moja, na akifika nyumba yenye mzazi alikaa kitako mpaka aone limechemshwa na kuliwa. Kama kuna bibi upande wa baba aliyekuwa analitamani yai hilo, alikuwa na bahati mbaya. Maranda ya banda aliyachukua kwangu, na kwa sababu yake nilianza kuranda mbao zisizo na dawa upande mmoja na zenye dawa upande mwingine, maana aliniambia kuku akivuta vumbi la dawa, yeye mwenyewe atanikamata.

Desemba Kijenge hupungua watu. Wachaga hupakia watoto, magunia na mitungi ya gesi, wakaenda nyumbani mlimani, na mtaa unabaki na mbwa na sisi wengine. Mkunga alikuwa mkali sana juu ya hilo. Asiyekwenda kwao Krismasi alimwita mbuzi asiye na kengele. Lakini tangu apate kuku, akawa yeye ndiye haendi. Ndugu zake wakipiga simu anawaambia kuna kideri kinachoua kuku, au kuna mwewe, au kuna Primi anayetarajia. Nikamwuliza inakuwaje. Akasema mlimani wameandaa kikao cha ukoo cha kumshauri aende kwa mwanawe, na kikao hakimpati mtu ambaye hayupo.

Kwa hiyo ngome ilifanya kazi. Binti alikuja kila mwaka, akala mayai, akatazama wodi, akaondoka peke yake. Sikuwa nampenda sana binti yule wakati huo. Alivaa viatu vinavyozama kwenye udongo wetu na alizungumza na simu zaidi ya alivyozungumza na watu. Nilimwona kama mtu aliyekuja kubomoa kitu.

Kilichoibomoa ngome ni macho. Mkunga alipata presha ya macho, akapewa dawa ya matone, na akaambiwa kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Hakumwambia mtu. Mimi niligundua siku niliyoegesha kabati jipya nje ya geti likisubiri mwenyewe. Mkunga alipita, akasimama, akaliambia kabati kwamba vijana wa siku hizi hawana hata salamu. Nilikuwa karakanani. Niliweka chini msumeno wangu nikabaki nimesimama.

Yapo matone mengine. Chanjo ya kideri huwekwa kuku jichoni, tone moja, kila baada ya miezi michache, na Mkunga aliifanya kazi hiyo mwenyewe kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na kuku hawakuhangaika kwake. Chanjo hiyo hukaa kwenye friji. Dawa yake ya macho nayo ilikaa kwenye friji. Binti alipokuja safari ile alifungua mlango wa friji kutafuta maziwa, akakuta vichupa viwili vidogo vimesimama pamoja kwenye kikombe kimoja.

Alikuja karakanani kwangu navyo, kimoja kila mkono.

"Kaka, nisaidie," akasema. "Kipi ni cha mama?"

Nilivitazama. Bila kusoma nisingejua. Nilivisogeza kwenye mwanga, nikasoma, nikamwonyesha. Akakaa juu ya rundo la mbao na viatu vyake vile.

"Nimemuuliza anavitofautishaje," akasema. "Ananiambia cha kuku ni baridi zaidi."

Nikamrudishia vichupa vyote viwili.

"Najua mnavyoniona hapa. Kwamba namtoa mama kwake, kwamba nataka kupangisha nyumba. Kaka, mimi sitaki nyumba. Siku moja nitapigiwa simu nikiwa ofisini niambiwe mama ameanguka, au amepofuka, au amekaa sakafuni tangu juzi. Ni wewe utakayenipigia. Utaniambiaje?"

Hapo nilimwelewa, na nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa namwona. Alikuwa anaogopa, kama yeyote mwenye mzazi mbali. Nilimwambia nitazungumza na mama, lakini haikuhitajika. Mkunga alikuwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe niliujenga mwembamba. Jioni aliniita.

"Kuku hawawezi kunisomea chupa," akasema. "Nitakwenda. Baada ya Jumapili ya mavuno."

Aliweka masharti. Asiambiwe mtu, si mchungaji, si kwaya, si mtaa. Hataki kuagwa. Wanaoagwa, alisema, ni marehemu na mchungaji anayehamishwa. Kuku wote atawatoa sadaka ya mavuno, waende kwa watu watakaowatumia, na ibada ikiisha ataingia kwenye gari la binti yake na safari ianzie pale pale kanisani. Nilimuuliza kama ana uhakika. Akaniambia nimtafutie kamba laini za kuwafungia miguu.

Jumapili hiyo sisi Walutheri wa huku huleta tulichovuna: ndizi, mahindi, maharage, mashada ya maua, mbuzi, kuku. Vyote hupelekwa mbele, huombewa, na baada ya ibada watu hutoka nje na mnada unaanza. Mzee wa kanisa hunyanyua kitu juu na watu hushindana kwa ajili ya kazi ya Bwana. Kuna desturi moja ambayo mgeni hushangaa nayo. Anayeshinda si lazima aondoke na alichonunua. Anaweza kukirudisha kiuzwe tena, au akatamka mbele ya wote kwamba anamzawadia fulani, na huyo fulani hawezi kukataa. Ndivyo mchungaji anavyopata mbuzi wake na wajane wanavyopata mahindi.

Siku hiyo, nje ya kanisa, Mkunga alinishika kiwiko. "Simama hapa," akasema. "Leo wewe ndiye macho yangu." Gari la binti lilikuwa limeegeshwa kando ya uzio, masanduku yanaonekana kwenye kiti cha nyuma, na binti ameegemea mlango akisubiri.

Mzee wa kanisa akanyanyua kuku wa kwanza. "Kuku wa Mkunga huyu! Kazaliwa wodini, kalala nyuma ya pazia! Nani anaanza?" Watu wakacheka, bei ikapanda, na kuku akaangukia kwa kijana mmoja.

"Nani huyo?" Mkunga akaninong'oneza.

"Yule mwenye duka la spea za pikipiki."

"Ah. Alitanguliza miguu. Mpaka leo hajui mbele ni wapi."

Kijana yule akamwinua kuku juu. "Namzawadia Mkunga," akasema, "aliyenipokea mimi na wadogo zangu." Vigelegele. Mtoto wa shule ya Jumapili akamleta kuku na kumweka miguuni pa Mkunga.

"Mwambie hiyo ni sadaka yangu," akasema. "Mwambie asirudishe."

"Amekwisha tamka, mama."

Kuku wa pili akapanda zaidi. "Nani?"

"Mwalimu wa chekechea."

"Mama yake aliniuma mkono. Hapa." Akanionyesha. Na mwalimu wa chekechea akasema, "Namzawadia Mkunga." Wa tatu akanunuliwa na dereva mmoja wa watalii, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mkunga hakuhitaji kuniuliza umbo lake. "Huyo hakulia kabisa alipotoka," akasema. "Nilimsugua mgongo mpaka nikaogopa. Msikilize sasa." Na yeye akamrudishia. Ikawa mashindano, kila mmoja asionekane mdogo mbele ya mwenzake. Mke wangu alikuwepo. Hakununua.

Hakuna aliyejua kwamba wanamzuilia safari. Walikuwa wanamshukuru, nao walikuwa na furaha. Nilitazama kuku wakizidi miguuni pake, wamefungwa kwa kamba zangu, na Mkunga akikishika kiwiko changu kwa nguvu zaidi kila mmoja alipokuja.

"Nifanyeje?" akauliza. "Nipande nao kwenye gari?"

Nikamwambia anaweza kuwaambia ukweli, kwamba anahama, nao wataelewa. Akafungua mdomo. Mzee wa kanisa alikuwa ameshamnyanyua kuku wa mwisho, tetea mdogo mweupe, na Mkunga akaufunga mdomo wake tena.

Watu walikuwa wamechoka na mifuko imekauka. Bei ilianza chini, ikatambaa, ikasimama. Kisha mkono mmoja ukanyanyuliwa nyuma kabisa, na kiasi kilichotajwa kiliwafanya watu wageuke. Hakuna aliyejibu. Mzee wa kanisa akaita mara ya kwanza, akaita mara ya pili, akampigia makofi mshindi. Watu wakafungua njia. Mshindi akapita katikati yao kwa viatu vinavyozama, akampokea kuku kama mtu ambaye hajawahi kumshika kuku hai, akimweka mbali na gauni lake.

"Namzawadia mama yangu," binti akasema. "Akae naye. Akae naye hapa hapa Kijenge. Habari ya chupa za dawa nitajua mimi."

Watu wakashangilia bila kuelewa habari ya chupa. Mkunga hakuniuliza ni nani. Alisimama ameelekeza uso kule sauti ilikotoka, na mimi nikangoja, kwa mazoea niliyokuwa nimeyapata asubuhi hiyo, aniambie huyu naye alikujaje duniani.

"Huyu sijui," akasema. "Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nimelala. Nilifumba macho. Niliogopa sana."

Akaniachia kiwiko, akanyoosha mikono yote miwili.